Kukata misitu na magonjwa mapya, uhusiano uko wapi?

kijana_kisauni: Jamani, misitu kukatwa na magonjwa kuzuka vyahusianaje?

dada_likoni: Sana kakangu. Popo wakikosa msitu huja kula kwenye miti ya mashambani mwetu. Malaysia 1998 virusi vya Nipah vilitoka kwa popo, mashamba ya nguruwe yalikuwa na miembe, popo wala embe juu, makombo yenye mate yaanguka bandani, nguruwe wakaugua kisha wafugaji, wakafa watu zaidi ya 100.

mzee_bamburi: Na msitu ukiisha, wanyama wengi hutoweka ila panya wazoea kukaa nasi, na hao ndio hubeba maradhi mengi.

kijana_kisauni: Sasa hawa popo wa mkunguni kwetu tuwaue?

dada_likoni: La, tafadhali! Uganda waliwamaliza popo wa mgodi wa Kitaka, waliorudi wakakutwa na virusi hatari vya Marburg zaidi ya mwanzo. Waacheni, embe lililong'atwa msile.