Kakakuona yupo uani kwetu Sikonge, wazee wanataka alale hapa. Naombeni ushauri haraka

Mrina_Sikonge:
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka porini kukagua mizinga ya nyuki, nikakuta watu wamejaa uani kwa baba. Mdogo wangu amemwokota kakakuona pembeni ya shamba la tumbaku. Yupo kwenye tenga la kuku, amejiviringa kama mpira, magamba yanasuguana kila akipumua. Wazee wamemwekea unga, maji na shoka. Akiendea maji, mvua itanyesha vizuri. Akiendea shoka, kuna vita. Amegoma kujikunjua, basi wameamua alale, wamjaribu tena asubuhi.

Mila sina ugomvi nayo, nimekulia humo. Shida ni kijana mmoja wa bodaboda, kaninong'oneza ana mteja wa magamba mjini. Nimemfukuza, ila ameshaona tenga lilipo. Je, kumlaza hapa tu ni kosa? Na baba, ana miaka zaidi ya 70, namwanzaje?

DadaSheria:
Kaka, ni kosa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inamhesabu mnyama mzima kuwa nyara, awe hai au mfu, si magamba peke yake. Kukutwa naye bila kibali ni kumiliki nyara za Serikali, na kesi hizo huendeshwa kama uhujumu uchumi; kifungo kinafika miaka 20 na zaidi. Mpigie mtendaji wa kijiji sasa hivi, amjulishe afisa wanyamapori wa wilaya. Usimpakie kwenye pikipiki umpeleke mwenyewe. Ukisimamishwa njiani, nani atajua ulikuwa unaelekea wapi?

Mkulima_Kaliua:
Mfungulie nyuma ya nyumba aende zake, yaishe. Huku kwetu jamaa alitoa taarifa kwa nia njema, akashindishwa kituoni siku mbili anaandika maelezo.

DadaSheria:
Pole yake, hakustahili. Lakini huyu ameshaonwa na mwenye mteja. Kakakuona hana mbio wala meno, kinga yake ni kujiviringa, na akijiviringa ndipo anapobebeka vizuri kwenye gunia. CITES, mkataba wa mataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, umefunga biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona tangu 2017, na bado wanauawa kwa ajili ya magamba yaliyo sawa na kucha zetu.

Mzee_wa_Ipole:
Mwanangu, usimsomee baba yako vifungu mbele ya watu. Mwite pembeni, umwambie mgeni hafungiwi tengani. Utotoni nimemwona kakakuona akiwekewa vitu. Alitembea, akachagua, akaachwa aende. Kumlaza sikukuona. Halafu watoto waondoke, mfunike apate giza. Msimlazimishe kula, chakula chake ni sisimizi na mchwa.

Mrina_Sikonge:
Mrejesho, saa 5 usiku. Mtendaji amekuja na mgambo wawili, ameandika mahali na saa alipookotwa, tumesaini sote. Afisa anafika alfajiri, atamrudisha porini.

Mzee wa Ipole, shikamoo na asante. Nilimwambia baba maneno yako vilevile. Alinyamaza kitambo, akaenda kuchukua kigoda. Amekaa pembeni ya tenga na tochi, hataki mtu asogee. Watu walipotawanyika mnyama alijikunjua kidogo, akatoa ulimi mrefu mwembamba kama uzi, akaupitisha kwenye fito za tenga, akajiviringa tena.

Shoka baba amelirudisha ndani.