Monaco na fainali ya Simba zimegongana Jumapili hii. Nikiangalia kufuzu tu Jumamosi, nakosa nini?

Tairi_Kipara (Jumanne, 20 Mei 2025)

Wakuu, habari za mihangaiko. Naomba ushauri kabla sijagombana na ukoo.

Jumapili tarehe 25 kuna mbio za langalanga (Formula One) za Monaco, saa kumi jioni kwa saa zetu. Jumapili hiyohiyo jioni Simba anarudiana na Berkane pale Amaan, na kule Morocco tulishapigwa mbili bila, kwa hiyo ni kufa na kupona. Nyumbani king'amuzi ni kimoja, TV moja, na shemeji zangu wawili wameshatangaza kwamba wanakuja na jezi zao. Mimi mwenyewe Simba. Siwezi kunyanyuka katikati ya mechi nikasema hebu tuone kidogo wanavyokata kona Rascasse. Nitafukuzwa kwangu.

Langalanga nimeanza kuifuata kwa makini mwaka jana tu, na Monaco ya mwaka jana kusema kweli ilinilaza usingizi. Kwa hiyo maswali yangu:

Nikiangalia kufuzu Jumamosi halafu Jumapili nikasoma matokeo tu, nitakuwa nimekosa kitu cha maana? Na hii sheria mpya ya kulazimisha kila dereva atumie seti tatu za tairi, yaani aingie piti, pale pembeni wanapobadilishia tairi, angalau mara mbili, itafanya watu wapitane au ni geresha? Halafu nani mnampa? Baada ya mbio za Imola Piastri ana pointi 146, Norris 133, Verstappen 124. Pengo si kubwa.

---

Wananchi_Damu

Angalia Monaco tu kaka. Huko Amaan mtaenda kulia, bora ulie mbele ya magari mazuri.

---

FundiPropela

Huyo wa juu msimsikilize, ni Yanga, ana yake moyoni.

Tairi_Kipara, Jumamosi saa kumi na moja jioni usitoke mbele ya TV hata kwenda kufungua geti. Kufuzu ndiko kunakopanga nani aanze wapi, na pale ndipo Monaco inapoamuliwa. Jumapili kashangilie timu yako, ila simu iwe mkononi, nitakwambia kwa nini.

Mzunguko wa Monaco una kilomita 3.337, mfupi kuliko yote kwenye kalenda, na ni barabara za mtaani zilezile ambazo jioni zinafunguliwa na watu wanapita na vespa zao kurudi nyumbani. Magari ya siku hizi yana upana wa mita mbili na urefu unaozidi mita tano. Ile kona ya hoteli ya Fairmont gari linapinda likiwa chini ya kilomita 50 kwa saa, na timu zinabadilisha vifaa vya usukani ili tairi za mbele zikate zaidi ya kawaida, kwa ajili ya kona hiyo moja tu. Ukiwa ndani ya uchochoro wa namna hiyo, wa mbele akiamua kukaa katikati, wewe wa nyuma huna lako. Wanaosafiri njia ya Iringa wanajua fuso lililobeba mbao likipanda Kitonga: nyuma yake hata uwe na V8, utanusa moshi mpaka juu.

Mansell 1992 alikuwa na gari bora kuliko wote. Mizunguko michache kabla ya mwisho akaingia piti kwa wasiwasi wa gurudumu, akatoka nyuma ya Senna. Tairi mpya, kasi anayo kuliko wa mbele, akawa anachungulia kushoto, anachungulia kulia, hakupita. Ricciardo 2018 akiwa anaongoza, ile mota ya umeme inayosaidia injini ikafa. Hapo nguvu ya farasi kama 160 imeondoka, na gia nyingine hawezi hata kuzitumia. Vettel yuko nyuma yake na Ferrari nzima. Ricciardo akashinda. Sasa niambie kwenye kiwanja gani kingine mtu anashinda gari likiwa limeharibika vile.

Mwaka jana ndiyo ikawa kituko. Perez na yale magari mawili ya Haas wakavurugana mzunguko wa kwanza, bendera nyekundu, mbio zikasimamishwa, watu wakabadilisha tairi wakiwa wamesimama, deni la sheria ya kubadilisha tairi likaisha palepale. Kilichobaki ni msafara wa harusi. Kumi wa kwanza walimaliza kwa mpangilio uleule walioanza nao. Ulilala usingizi kwa haki kabisa. Aliyefurahi ni Leclerc na mama zake wa mtaani, maana hakuna mwana wa Monaco aliyekuwa ameshinda pale tangu Louis Chiron 1931.

Sasa sheria mpya. Watu wengi humu wanadhani kuingia piti mara mbili kutaleta kupitana. Hakutaleta, barabara ni ileile. Itakacholeta ni hila. Fanya hesabu na mimi. Kuingia piti pale kunakugharimu karibu sekunde 20, kwa sababu ndani ya piti mwendo ni 60 tu, si 80 kama viwanja vingi. Timu ina madereva wawili wamefuatana, tuseme wa tisa na wa kumi. Yule wa kumi anaambiwa kwenye redio: punguza. Anapunguza sekunde tatu kila mzunguko, na hakuna anayeweza kumpita. Baada ya mizunguko saba, mwenzake aliye mbele ana pengo la sekunde 21. Anaingia piti, anabadilisha, anatoka, bado ni wa tisa! Akitaka, anarudia tena mara ya pili. Kisha wanabadilishana zamu: aliyekwisha lipa deni lake anakuwa kizuizi, mwenzake naye anapata nafasi ya kuingia bila kupoteza kitu. Wanaoumia ni hao kumi walio nyuma, wanatambaa tu.

Mimi nazitazama timu za Williams na Racing Bulls. Wakifuzu Albon na Sainz wamefuatana, au Hadjar na Lawson wamefuatana, Jumapili mtatukana mpaka mkauke koo. Na hawatakuwa wamevunja sheria yoyote. Ndiyo maana nasema simu iwe mkononi: fungua jedwali la muda, achana na wa kwanza, tazama wa saba mpaka wa kumi na tano. Ukiona mtu anazunguka polepole ghafla na tairi zake bado nzima, ujue mchezo umeanza.

Kuna jambo moja tu ambalo naipendea hii sheria, na hapa nasema kama fundi. Mara mbili piti maana yake mafundi wanawekwa kwenye jaribu mara mbili. Bottas 2021 alikuwa wa pili barabarani, akaingia, bunduki ya nati ikakaa upande kidogo tu kwenye gurudumu la mbele kulia, ikala meno ya nati yote mpaka ikabaki laini. Gurudumu halikutoka. Halikutoka siku hiyo, halikutoka usiku, gari lilirudi kiwandani Uingereza na gurudumu lake vilevile. Mimi gerejini nati ikilika naichomelea kipande cha chuma kichwani naifungua, dakika kumi imeisha. Wao wana sekunde mbili na nusu, na dunia nzima inatazama. Na Ricciardo 2016, anaongoza, anaingia piti, anakuta mafundi wamesimama mikono mitupu, tairi ziko ndani. Hamilton huyo akaondoka na ushindi.

Kwa hiyo kama kuna kupitana Jumapili, kutafanyika pale kwenye kale kachochoro ka piti, na watakaopitisha ni watu waliovaa ovaroli.

---

KonaYaNaivasha

Fundi umesema yote, lakini mbona umesahau mvua?

Mimi ni mtu wa rally kwanza. Machi nilikuwa Sleeping Warrior nikila vumbi wakati Evans anachukua Safari, kwa hivyo hizi mbio za lami huwa naziona kama za watu wa soksi nyeupe. Lakini Monaco ikinyeshewa, hiyo nakaa chini natazama. 1996 Olivier Panis alianza wa kumi na nne na Ligier, gari ambalo hakuna aliyelitaja asubuhi hiyo, na akashinda! Barabara ilikuwa imelowa, watu wakapigana na kuta mmoja baada ya mwingine, na magari yaliyopita kwenye mstari wa mwisho yalikuwa matatu peke yake. Coulthard aliyekuwa wa pili aliendesha na helmeti ya Schumacher aliyoazima kwa sababu yake ilikuwa inajaa ukungu. Sasa hiyo utaipata wapi ukisoma matokeo tu?

Jumamosi ndio, lakini angalia hali ya hewa Jumapili asubuhi kabla hujampa shemeji rimoti.

Mimi nampa Leclerc. Ferrari ilimwangusha Imola, hakufika hata kumi bora kwenye kufuzu, lakini hizi ni barabara alizopita akienda shule.

---

FundiPropela

KonaYaNaivasha, mvua sikuisahau, sikutaka kumpa kijana matumaini. Ikinyesha sheria ya seti tatu bado ipo palepale, halafu kuna ile michoro ya rangi barabarani, mistari ya wavuka kwa miguu, ikilowa inateleza kuliko lami yenyewe. Hapo kila kitu nilichoandika juu kifute.

Kuhusu Leclerc, moyo wangu uko kwako. Lakini huyo bwana na nyumbani kwao wana mambo. 2021 alikuwa na nafasi ya kwanza, baada ya kuibamiza gari mwenyewe kwenye kufuzu. Wakasema gia nzima, kila kitu kizima. Akiwa anatoka Jumapili kwenda kupanga mstari, upande wa kushoto nyuma ukakataa kupeleka nguvu kwenye gurudumu. Hakuanza hata mbio. Kila mtu alikuwa anaangalia gia upande wa kulia ulikopigwa. Gari likigonga kulia kagua na kushoto, hili nawaambia vijana wangu kila siku na hawasikii. 2022 tena nafasi ya kwanza, mvua ikaja, timu ikamwingiza piti kwa kuchelewa, akamaliza wa nne.

Mimi nampa Piastri. Norris ana kasi, lakini mwaka huu Jumamosi zinamtoa jasho, Jeddah aliipeleka ukutani kwenye kufuzu. Piastri Imola alianza wa kwanza, akapitwa na Verstappen kona ya kwanza kabisa kwa nje, na usoni huoni hata kama amepitwa. Monaco inataka mtu wa aina hiyo Jumamosi, kugusa ukuta kidogo kwa ubavu wa tairi na kuendelea.

---

MtuWaDarajani

Mie nipo Unguja wenzangu, na nakwambieni Jumapili hapa hapapitiki. Tangu mechi ihamishwe kutoka kwa Mkapa kuja Amaan, jamaa wa bara washaanza kushuka bandarini na mabango. Mie Simba wala Yanga hainihusu, ila baraza nzima ya kahawa yataka mpira.

Nina swali kwa Fundi. Yakhe, hebu nambie, huyo dereva anayeambiwa apunguze mwendo ili mwenziwe afaidi, naye hapati kitu? Anakubali vipi?

---

FundiPropela

Sheikh, swali zuri. Anakubali kwa sababu zamu yake inakuja, na kwa sababu pointi za timu ndizo hela za timu. Williams wakipata pointi kwa magari mawili, hata kama ni ya tisa na ya kumi, mwisho wa mwaka inaweza kuwasogeza nafasi nzima kwenye jedwali la watengenezaji, na kila nafasi ina fungu lake. Dereva akikataa, mkutano wa Jumatatu utakuwa mrefu.

Ila usoni hawapendi. Mtu amezaliwa kwenda kasi, unamwambia atambae sekunde tatu chini ya uwezo wake huku nyuma yake mtu anampigia kelele kwenye redio. Mimi nisingeweza.

---

Tairi_Kipara

Wakuu nimewaelewa, nashukuru sana. Sikujua kabisa hiyo ya kuziba njia. Sasa ndiyo nataka kuiona kuliko hata kufuzu, mmeniongezea matatizo badala ya kunipunguzia.

Nimefikiria hivi: Jumamosi TV yangu. Jumapili TV ni ya Simba, mimi nakaa kiti cha pembeni na jedwali la muda kwenye simu, nafuatilia wa saba mpaka wa kumi na tano kama Fundi alivyosema. Shemeji wakiuliza naangalia nini nitasema ni beti. Hiyo wanaielewa.

Mazoezi nayo yana faida yoyote au niyaache?

---

FundiPropela

Ya Ijumaa ya kwanza, saa nane na nusu mchana, yaache, barabara bado ina vumbi la magari ya watu na hakuna anayesukuma kweli. Ya pili, saa kumi na mbili jioni, tazama nusu saa ya mwisho. Ya tatu, Jumamosi saa saba na nusu, tazama yote. Hapo ndipo utajua nani anaukaribia ukuta na nani anaukimbia. Pirelli wanaleta tairi laini zao tatu za mwisho, mpaka ile C6, kwa hiyo ukiona mtu ana muda mzuri uliza kwanza amevaa tairi za rangi gani, maana rangi ndiyo inayoonyesha ulaini wake.

---

Wananchi_Damu

Na mie niulize. Hiyo mbinu ya kukaa katikati ya njia na kuzuia watu wasipite, Simba hawawezi kufundishwa kabla ya Jumapili? Maana mabeki wao kule Morocco waliacha geti wazi.

---

Tairi_Kipara

Nilijua utarudi tu. Tuonane Jumapili usiku, na nakuhifadhia hii posti.