Gurudumu linaloning'inia kwa kamba: kwa nini halianguki, na uzito wake uko wapi?

Mwalimu wa Wete

Asalaam aleykum. Nasomesha fizikia kidato cha tatu, huku Pemba. Wiki hii nilichukua gurudumu la mbele la baskeli, nikafunga kamba ncha moja ya ekseli na kulitundika kwenye boriti ya darasa. Lisipozunguka, ukiliachia tu linaanguka na kuning'inia ubapa. Likizungushwa kwa nguvu linabaki wima, ekseli imenyooka hewani bila ya kushikwa upande wa pili, na gurudumu lote linaizunguka kamba polepole. Wanafunzi walifurahi sana, lakini maelezo yao yamenitia wasiwasi. Mmoja kasema mzunguko unaliondolea uzito. Mwengine kasema linaukataa mvutano wa dunia. Wa tatu kanionesha kwenye simu video ya mtu anayedai kwamba gurudumu likizunguka huwa jepesi. Hesabu za vekta bado hawajazifikia. Naomba mwenye ujuzi anisaidie namna ya kuwaeleza kwa maneno, na kama lipo jaribio la kuwaonesha ukweli, anitajie.

Kijana wa Jang'ombe

Waaleykum salaam mwalimu. Nnavyojua mimi ni ile nguvu ya kwenda nje. Kitu kikizunguka kinavuta nje, na ndiyo inayolibeba. Hata baskeli ikiwa mwendoni haianguki kwa sababu hiyo hiyo.

Baharia wa Mkoani

Waaleykum salaam. Mwanangu wa Jang'ombe, hiyo haiwezi kulibeba. Sehemu ya juu ya rimu inavuta juu, ya chini inavuta chini, kwa kiasi kile kile. Zinafutana zote, hakuna kinachobaki cha kunyanyulia hata sindano.

Mwalimu, suala lako nimelipenda, kwa sababu nimekaa melini miaka mingi na dira ya jairo, ile inayoonesha kaskazini kwa gurudumu linalozunguka, ilikuwa chini ya uangalizi wangu. Anza na uzito, maana huo unapimika. Azima mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, uifunge baina ya boriti na kamba. Soma uzito gurudumu likiwa limetulia, kisha usome likiwa linazunguka. Mara tu unapoliachia sindano itatetemeka. Ikitulia, itarudi pale pale. Uzito wote upo, na kamba inaubeba wote.

Sasa la kuukataa mvutano. Likishakuwa linaizunguka kamba vizuri, weka kidole mbele ya ncha ya ekseli iliyo huru, ulizuie lisiendelee kwenda pembeni. Usilisukume chini, lizuie tu. Litaanguka hapo hapo, na rimu bado inazunguka kwa kasi. Jaribio hili nalithamini kuliko yote. Kama mzunguko wenyewe ndio unaolishikilia, kwa nini lianguke wakati mzunguko haujapungua? Kinacholinusuru ni ule uhuru wa kwenda pembeni, na kwenda huko pembeni ndiyo kazi ya mvutano wenyewe.

Kuwaeleza bila vekta, waambie wakifuate kipande kimoja cha rimu. Uzito unataka kuipindua ekseli ichungulie chini. Maana yake sehemu ya juu ya rimu inasukumwa mbali na kamba, na ya chini inasukumwa kuja kwenye kamba. Lakini kipande kilichopo juu hakikai juu, kina safari yake. Mtoto anayekimbia ukimsukuma ubavuni hasimami wala hahamii kando papo hapo. Njia yake inapinda, na anakuja kuonekana kando akiwa ameshakwenda mbele. Kipande cha rimu ni vivyo hivyo: kimesukumwa nje kikiwa juu, lakini kinafika nje zaidi baada ya robo mzunguko, wakati kimeshashuka ubavuni. Na kile kilichosukumwa ndani kikiwa chini kinafika ndani zaidi kikiwa ubavu wa pili. Basi ubavu mmoja wa gurudumu unatoka nje na wa pili unaingia ndani, na gurudumu lote linageuka kuizunguka kamba. Mwendo huo unaitwa presesheni. Gurudumu halibishani na mvutano hata kidogo. Linautii, ila utiifu wake unatokea kwa pembe ya digrii 90.

Waambie pia watazame vizuri pale linapoachiwa. Linashuka kidogo, linatikisa kichwa mara chache, halafu linatulia, na limebaki chini kidogo ya usawa uliokuwa umelishikilia. Mteremko huo mdogo ndio unaolipia mwendo wa kuizunguka kamba. Na rimu ikichoka, presesheni huongeza kasi badala ya kupungua. Wengi hutarajia kinyume chake. Mzunguko mkali ni mgumu kugeuzwa mwelekeo, kwa hiyo uzito ule ule unaugeuza polepole. Ukilegea, unageuzwa haraka.

Kuhusu ile video, wazo hilo limewapata hata wasomi wakubwa. Mwaka 1974 Profesa Eric Laithwaite, mhandisi wa Imperial College, alisimama mbele ya hadhira London akidai kwamba jairoskopu, yaani magurudumu yanayozunguka kwa kasi kama hili lako, zina tabia isiyoelezeka kwa sheria za Newton. Mwaka 1989 wanasayansi wawili wa Japani walichapisha vipimo vinavyosema kwamba jairoskopu inayozunguka upande mmoja inapungua uzito, ya upande wa pili haipungui. Mwaka uliofuata maabara nyengine zilirudia kwa vifaa makini zaidi, na uzito haukupungua.

Na hapa ndipo nataka wanafunzi wako wafike. Dira ya jairo, aliyoipeleka baharini Hermann Anschütz-Kaempfe wa Ujerumani mwaka 1908 na Elmer Sperry wa Marekani mwaka 1911, haina sumaku. Ndani yake kuna gurudumu linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Dunia inageuka digrii 15 kila saa, mhimili wa gurudumu unabaki na mwelekeo wake, basi kwa aliyesimama juu ya dunia ncha moja inaonekana kuinuka. Pale pale uzito uliowekwa makusudi unaivuta, na mhimili unafanya presesheni kuelekea kaskazini ya kweli. Tulikuwa tunaiwasha saa kadhaa kabla ya kung'oa nanga ili ipate kutulia. Gurudumu lingekuwa linaukataa mvutano wa dunia, dira hiyo isingeijua kaskazini. Na sisi huku tulio karibu na ikweta, digrii 5 au 6 kusini, tunaipata ikiwa na nguvu zake takriban zote. Ukikaribia ncha za dunia inadhoofika mpaka haifai.

Fundi wa Chake

Ami baharia, nimekufahamu. Lakini baskeli je? Mimi natengeneza baskeli tangu nakua, na kila mteja ananambia magurudumu ndiyo yanayoisimamisha.

Baharia wa Mkoani

Fundi, wewe ushahidi unao mkononi. Ikija baskeli beringi za usukani zimekaza, usukani haugeuki, nani anaweza kuipanda? Magurudumu ni yale yale na yanazunguka vile vile. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alifunga gurudumu la ziada pembeni mwa lile la mbele, akalizungusha kinyume ili athari ya jairo, yaani ile ya mzunguko wa gurudumu, ifutike, na bado aliipanda bila ya taabu. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walitengeneza baskeli ya majaribio ambayo athari hiyo imefutwa, na ikisukumwa bila ya mpandaji inakwenda na kujiweka sawa yenyewe. Kinachoisimamisha ni kwamba ikiinama kushoto, usukani unageuka kushoto na magurudumu yanarudi chini ya uzito. Athari ya jairo inausaidia usukani kugeuka, hasa baskeli ikiachiwa peke yake. Lakini si nguzo.

Kijana wa Jang'ombe

Ahsante ami. Na jairoskopu ya simu nayo ina gurudumu?

Baharia wa Mkoani

Haina. Ndani ya chipu kuna kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetemeka huku na huku. Ukiigeuza simu, mtetemo unachepuka pembeni kidogo na chipu inaupima mchepuko huo.

Mwalimu wa Wete

Ami, Mungu akuweke. Leo tumefanya la mizani na la kidole. Sindano ilitetemeka ikarudi pale pale, na gurudumu lilipozuiliwa likaanguka, darasa zima kimya. Baadaye mmoja kauliza: tutajuaje mapema litaizunguka kamba kwa upande gani?

Baharia wa Mkoani

Watazame sehemu ya chini ya rimu inakwenda upande gani. Gurudumu lote litakwenda upande huo huo. Kisha walizungushe kinyume, waseme jibu kabla ya kuliachia.