Tupeane uzoefu: amonia imewahi kukuulia samaki?

Baba Tangi (Tabata)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vyetu vya amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, kila mtu aseme ilimkuta vipi. Wiki hii nimepigiwa simu na vijana wawili, na wote wana stori moja: "Maji ni meupe peee, lakini samaki wanakufa."

Naanza na changu. Fundi vioo alinitengenezea tangi la lita 120. Jumamosi nikajaza maji, Jumapili nikaleta samaki wa dhahabu sita. Siku za mwanzo raha tupu, watoto wamehamia sebuleni. Siku ya tano samaki wakaanza kuning'inia juu, midomo nje, wanahema kama wamekimbizwa na mbwa. Mmoja nilimfunua shavu kidogo, matamvua mekundu utadhani yamepakwa rangi. Nikakimbilia dukani, muuzaji akaniuzia dawa ya fangasi. Nikatia. Maji yakawa ya buluu na samaki sita wakabaki wawili.

Fangasi haikuwepo kabisa. Tangi lilikuwa jipya, halina bakteria. Samaki anatoa amonia hasa kwa matamvua, halafu kinyesi na chakula kilichobaki vikioza vinaongeza nyingine. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia zaidi kwa mbali. Hawa wanajijenga kwenye sponji ya filta na changarawe taratibu, wiki 4 mpaka 6 hivi. Mimi niliwapa siku moja. Na amonia haina rangi, maji yanaweza kung'aa kama ya chupa na yakaua.

Wale wawili niliwaokoa kwa kubadilisha nusu ya maji kila siku na kusimamisha chakula siku tatu. Tangi la pili sikusubiri tena wiki sita: niliomba kipande cha sponji chafu kwa jirani mwenye tangi la zamani, kama vile mtu anavyoomba kaa la moto. Karibuni.

Mama Gapi (Mbagala)

Mie kilichoniponza ni usafi. Kila Jumapili sponji natoa, naisugua bombani mpaka inarudi nyeupe, najisifu. Kila Jumanne nikipima amonia kwa matone, rangi inageuka kijani, yaani ipo, badala ya kubaki njano. Nikabadilisha chakula, nikabadilisha duka, nikamlaumu na mume wangu na sigara zake. Mpaka kaka mmoja akaniuliza tu, "Dada, hiyo sponji unaioshea wapi?"

Kumbe kila wiki nilikuwa nawachinja bakteria wangu kwa klorini ya maji ya bomba, halafu nawashangaa samaki. Siku hizi naikamua mara tatu kwenye ndoo ya maji niliyoyatoa tangini, basi, hata ikibaki na rangi ya chai. Na maji mapya yanalala kwenye ndoo siku nzima, pampu ya hewa inabubujika humo, ili klorini itoke. Kijani sijaiona tena.

Mzee wa Kimara

Umeme. Ulikatika saa nne usiku, ukarudi alfajiri mimi nimelala. Natumia filta ile ya kopo la kufungwa, inakaa chini ya kabati. Usiku kucha maji yamesimama ndani yake, bakteria wamemaliza oksijeni wakaanza kufa, na umeme uliporudi filta ikawaka yenyewe ikayatapika yale maji yote tangini. Niliamshwa na harufu ya yai viza.

Maji yetu ya Dar ni ya moto. Yakiwa nyuzi 30, hata yakishiba hewa yana oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita. Akiba hiyo ni ndogo. Kwa hiyo sasa umeme ukikatika zaidi ya saa moja nafungua kopo, sponji naitupia tangini ielee humo, na nina pampu ya hewa ya betri. Betri ikiisha, mjukuu anachota kwa jagi na kumimina toka juu. Anaipenda kazi hiyo kuliko hesabu.

Kijana wa Sinza

Shikamooni wakubwa. Mimi nina gapi kumi kwenye beseni, filta sina, kuna magugu maji juu, mwezi wa nne huu na hawafi. Hii amonia si mnaikuza tu?

Baba Tangi (Tabata)

Marahaba. Hayo magugu ndiyo filta yako, yanaila amonia. Na gapi ni wadogo. Ongeza samaki uone.

Bi Harusi wa Mikocheni

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Moshi. Akawaangalia samaki, akasema, "Mwanangu, hawa wamekonda, mnawanyima." Tukaondoka kazini. Jioni nakuta kiporo cha wali kimetanda chini ya tangi kama theluji ya Kibo. Na mama mwenyewe amekaa pembeni anafurahi, "Wamekula kweli leo!"

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikamshukuru. Alipolala nikavuta wali wote kwa mpira wa maji, mdomo mmoja ndani ya ndoo, mpaka saa saba usiku, nikatoa na theluthi ya maji. Aliyekufa ni mmoja. Mama akasema alikuwa mgonjwa tangu zamani. Nikaitikia.

Mtu wa Ziwa (Kigamboni)

Yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie, maana ilinichukua miaka kuielewa.

Mimi nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Niliagiza wanane kutoka Kigoma, wakaja kwa basi kwenye mifuko ya nailoni, safari ya mchana na usiku. Nimewapokea wazima, wanaogelea. Nikafanya nilivyofundishwa: nikafungua mfuko, nikauning'iniza tangini, nikawa naongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa saa nzima ili wazoee. Ndani ya saa hiyo hiyo watano wakalala ubavu. Nimewatoa Kigoma wazima, nimewaulia sebuleni kwangu!

Sikilizeni kilichotokea. Amonia majini iko ya namna mbili, moja inapenya kwenye matamvua na kuua, nyingine haina makali sana. Kipimo cha matone kinazisoma zote kwa pamoja, hakikwambii ipi ni ipi. Kinachoamua ni pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (ikishuka maji ni machachu zaidi), na joto kidogo. Kwenye nyuzi 28, pH ikiwa 7, ile kali haifiki hata sehemu 1 kwa 100. pH 8 ni kama sehemu 6 au 7. pH 9 inafika 40. Sasa mfukoni samaki wamehema njia nzima, hewa ya ukaa imejaa, pH imeshuka. Amonia ni nyingi lakini imelala. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka. Ukiongeza na maji ya tangi la Tanganyika, ambayo lazima yawe na pH ya juu, pH inapanda na amonia yote inaamka.

Tangu hapo mfuko uliosafiri mbali nauweka uelee tangini ukiwa umefungwa, dakika kumi na tano kusawazisha joto. Nikifungua tu namimina kwenye wavu, samaki ndani, maji ya mfuko chooni. Na namwambia mtumaji asiwalishe siku mbili kabla ya safari.

Mwenye maji ya kisima naye ajihadhari. Kisima chetu kinasoma pH 8.2. Tangi la zamani lisilobadilishwa maji miezi mingi huwa pH imeshuka, amonia imelala. Siku ukisema ngoja nisafishe, ukamwaga ndoo nne za kisima kwa mkupuo, umeiamsha. Badilisha kidogo kidogo, siku kadhaa.

Mama Gapi (Mbagala)

Kaka umenifumbua macho. Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo, nikasema nimerogwa.

Kijana wa Sinza

Wakubwa, samahani. Juzi niliongeza samaki wa dhahabu wanne kwenye beseni. Wawili wako juu wanahema.

Baba Tangi (Tabata)

Una maji yaliyolala?

Kijana wa Sinza

Kuna ndoo ya kuogea, imekaa toka jana asubuhi. Ya bomba.

Baba Tangi (Tabata)

Hiyo hiyo. Toa nusu ya maji ya beseni sasa hivi, mimina hiyo taratibu. Usilishe. Dawa usinunue, hata muuzaji akikuapia.

Kijana wa Sinza

Sawa mzee. Leo siogi.