Re: Tableti ya mama Amu: ninunue huku au inunuliwe kule?

Mkomani, sasa Minneapolis

Asalaam aleikum jamaa,

Mwezi ujao kuna msafiri wa Amu (Lamu) na mama ameagiza tableti. Ana miaka sabini na mbili, macho yamechoka, simu yake ni ndogo. Kazi zake ni tatu: WhatsApp ya kuonana, msahafu wa herufi kubwa, na jioni mjukuu wa Gredi ya 6 afanyie kazi za shule. Duka la huku lina ya Android ya inchi 10, ya kutia laini, dola 90. Nichukue? Au nitume pesa inunuliwe Mombasa?

Langoni, sasa Leicester

Waaleikum salaam, dada. Hiyo ya dola 90 iache dukani kwanza.

Tuanze na kama anaihitaji. Tableti haitamwondolea simu, maana M-Pesa yake imo kwenye laini ya simu na hapo ndipo pake. Ingekuwa ni WhatsApp peke yake, simu ya inchi 6.7 na herufi zikuzwe kwenye Mipangilio ingetosha, na ingekuwa rahisi zaidi. Kinachoamua ni msahafu. Ukurasa wa mistari 15 kwenye simu hausomeki mpaka uuvute kwa vidole, kila aya unausogeza kulia na kushoto. Kwenye inchi 10 au 11 ukurasa unakaa mzima. Kwa hiyo ndiyo, anaihitaji, na isipungue inchi 10.

Sasa hapa ndipo watu wa Marekani wanapoponzwa: bendi, yaani masafa ya redio ambayo mtandao wa simu hutumia. 4G ya Kenya huegemea sana bendi 20, yaani 800 MHz, ambayo hufika mbali na kupenya ukuta. Mitandao ya Marekani haiitumii, na tableti nyingi za Android zinazouzwa huko hutengenezwa bila bendi hiyo. Ukiipeleka Amu itabaki na bendi 3, ile ya 1800 MHz, na nyumba za mawe za kwetu unazijua, kuta za matumbawe na chokaa karibu nusu mita. Nje uwanjani itashika vizuri. Ukiingia ndani, mtandao umekwenda. Watu watalaumu laini, kumbe ni chombo.

Namna ya kuhakikisha: usiangalie jina la tableti, angalia namba ya modeli nyuma ya sanduku. Mfano, Galaxy Tab A9+ ni ya inchi 11, lakini SM-X210 ni ya Wi-Fi tu, SM-X216B ni ya laini ya soko la kimataifa, na SM-X218U ni ya Marekani. Ingia tovuti ya mtengenezaji na namba hiyo, tafuta mstari wa LTE (ndiyo 4G), uone kama B3 na B20, yaani bendi 3 na 20, zote zimo. Isipokuwemo B20, usinunue ya laini. Nunua ya Wi-Fi kama nyumbani kuna Wi-Fi. Kutegemea hotspoti ya simu ni kuimaliza betri ya simu kila siku, na simu ndiyo yenye M-Pesa.

Muulize pia muuzaji kama imefungwa kwa mtandao mmoja. Za mitandao ya Marekani mara nyingi hufungwa, na laini ya Kenya ikitiwa haisomi.

Za Amazon Fire ni rahisi lakini hazina Play Store, achana nazo. Huawei mpya hazina huduma za Google. iPad ni nzuri, ila angalia: mpya nyingi za laini hazina tena tundu la kadi, ni eSIM tu (laini ya ndani ya chombo, isiyo na kadi), na huo ni mguu mwingine wa kwenda duka la Safaricom.

Malindi Barani, sasa Dubai

Naongezea kwa kaka wa Langoni. Dada, hivyo vishikwambi vya dola 90 vilivyoandikwa "12GB" visome vizuri: mara nyingi ni RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, halafu 8 imekopwa kwenye hifadhi, pale panapowekwa mafaili. RAM ya kopo ni polepole, haihesabiwi. Chini ya 4 halisi mtoto ataona darasa la video linakwama. Hifadhi isiwe chini ya GB 64, kwa kuwa mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa. Ya 32 hujaa kabla mwaka kwisha. Na kikiandikwa 512 kwa bei ya karanga, kijaribu: tia video za GB 20 au 30, kisha fungua ile ya mwisho. Hifadhi ya uongo hukubali kupokea, ila kufungua haifungui.

Adui wa pili ni chumvi. Kwetu pwani tundu la USB-C hufanya kutu ya kijani, na inayoharakisha si hewa peke yake, ni umeme kupita kwenye unyevu. Kikitoka baharini au kikishikwa na mikono mibichi, kisichajiwe mpaka kikauke. Kizibo kidogo cha silikoni huuzwa kwa senti, tia. Kikianza kuchagua waya (ukiugeuza upande huu unachaji, upande ule hauchaji), kizime, piga mswaki mkavu laini, kisha spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kisubiri kikauke. Sindano marufuku, ulimi wa katikati ya tundu ukivunjika, fundi abadilishe tundu zima.

Nyingi siku hizi huja na waya bila chaja. Usinunue chaja ya Marekani. Itafanya kazi ikiandikwa 100–240V, lakini pini zake ni bapa na soketi za Kenya ni za matundu matatu kama Uingereza. Adapta iliyolegea hutoa cheche.

Safarini, kiwe mkoba wa mkononi, pawabenki pia: ya 20,000 mAh ni kama 74 Wh, chini ya mpaka wa ndege wa 100. Risiti msafiri awe nayo. Tangu Januari 2025, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hutaka vyombo vya laini vitajwe kwenye fomu F88 ya forodha pamoja na IMEI, namba ya utambulisho ya chombo. Namba hiyo iko Mipangilio, Kuhusu tableti. Ya Wi-Fi tu haina IMEI.

Mkomani

Allah awalipe. Kuna jirani ananiuzia iPad yake ya zamani. Vipi?

Langoni

Mwambie aifute mbele yako na atoe akaunti yake, kisha iwashe mwenyewe mpaka mwisho. Ikiuliza barua pepe ya mtu mwingine, ni kufuli la Apple, na Amu hakuna fundi wa kulifungua. Google nao wana kufuli kama hilo.

Yoyote utakayochukua, iandae huko: akaunti ya mama kwa jina lake, neno la siri kwenye karatasi kwake, masasisho yote yashushwe kwa Wi-Fi yako, maana ni GB kadhaa na bando lake halitoshi. Ukichukua Samsung, mtoto mfungulie mtumiaji wake, asiguse ya bibi. WhatsApp isajiliwe kwenye simu, kisha tableti iungwe: Vifaa vilivyounganishwa, Unganisha kifaa, piga ile QR. Kwenye iPad imewezekana tangu Mei 2025. Simu isipofunguliwa siku 14, tableti hutolewa yenyewe. Mjukuu alijue hilo.

Malindi Barani

Na kava, dada, ile inayosimama yenyewe. Inunue huko huko, ya modeli hiyo hiyo.