Wauza matangi ya samaki, mnatuulia samaki kisha mnatuuzia wengine!

Wakuu salaam. Leo nina hasira, nivumilieni.

Nimenunua tangi la lita 240 kwenye duka moja hapa Dar, jina nalihifadhi. Samaki wangu, mbuna wa njano, walishabanana kwenye tangi la lita 80. Kwenye bei wakaniwekea na ufundi kabisa: fundi anakuja nyumbani, anafunga, anahamisha samaki, kazi kwisha. Nikalipa.

Fundi kafika, kitu cha kwanza kang'oa filta ya zamani, katoa sponji, kalipeleka bombani. Analikamua, maji ya kahawia yanatiririka, analikamua tena, mpaka likarudi bluu kama limetoka dukani. Changarawe nazo akazipiga maji ya moto. Nilipotoka chumbani nikamkuta anamalizia. Namuuliza, "Dogo, kwenye huo uchafu si ndiko bakteria wanakokaa?" Akacheka. "Bosi, bakteria si ugonjwa? Tunaanza upya, kila kitu kisafi." Akamimina kichupa cha "dawa ya maji", samaki wakaingia jioni ile ile.

Mnajua kilichofuata. Maji yakawa meupe kama tui jepesi. Samaki wakapanda juu kuhema, mapezi wameyabana. Napima, amonia iko juu. Ilipoanza kushuka ikapanda nitriti, na hiyo ndiyo iliyowamaliza. Mmoja nilimfunua shavu: matamvua ya kahawia, wakati yanatakiwa yawe mekundu. Nitriti inaiharibu damu, inashindwa kubeba oksijeni, samaki anakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele.

Napiga simu dukani, najibiwa eti "samaki wameshtuka kuhama, ni kawaida." Kawaida ya nani?

Ninyi mnauza samaki kila siku, hamjui kwamba samaki anatoa amonia muda wote kupitia matamvua? Bakteria waitwao Nitrosomonas wanaigeuza amonia kuwa nitriti, wengine waitwao Nitrospira wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, nitrati unaipunguza kwa kubadilisha maji. Na hawa wadudu wengi wao hawaelei kwenye maji, wamejibandika kwenye sponji, changarawe na mawe. Maji ya bomba yanatiwa klorini kusudi iue bakteria. Sasa wewe unawasugulia humo humo! Tena mbuna ni samaki wa Ziwa Nyasa, wanataka pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya kama 8, na kwenye 8 sehemu ya amonia iliyo sumu ni karibu mara kumi ya ile ya kwenye 7.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapakuwa na haja ya kuanza upya. Wingi wa bakteria unafuata wingi wa samaki na chakula unachowapa, haufuati ukubwa wa kioo. Samaki ni wale wale, kwa hiyo bakteria waliokuwa kwenye lile sponji wangetosha. Ilikuwa ni kuihamisha filta ya zamani nzima nzima, ingali imelowa, ifanye kazi pamoja na mpya kwa wiki kadhaa. Ukilazimika kusuuza sponji, unalisuuza kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, basi. Kuwakuza bakteria upya kunachukua wiki nne mpaka sita, maana hawa hawazaliani haraka kama wale wa chakula kilicholala.

Halafu vile vichupa vya "dawa ya maji", mnavyosema vina bakteria. Kama mna hakika vina bakteria hai, mbona dukani vimeanikwa kwenye kioo kinachopigwa jua mchana kutwa?

Wamenipa "fidia": punguzo nikinunua samaki wapya kwao. Yaani niwatie samaki wengine kwenye maji yale yale! Nimewaambia nataka hela yangu ya ufundi, samaki wao wabaki nao.

Waliobaki hai nawalisha kidogo sana, nabadilisha theluthi ya maji kila siku, maji niliyoyaondoa klorini kwanza. Mwenye tangi lililokomaa maeneo ya Tabata, Segerea au Kinyerezi, samaki wake wazima, naomba anikatie kipande cha sponji lake chafu. Usilioshe. Nakuja na ndoo mwenyewe, hata usiku. Njoo PM.