Wakimbiaji wa mbio ndefu za milimani, utulivu mnautoa wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nimeanza juzijuzi kukimbia zaidi ya zile kilomita 42 za marathoni, tena njia za mlimani, si lami. Kinachonishangaza kwa wazoefu ni upole wao kuliko hata kasi. Mtu kapanda usiku kucha na mvua juu yake, anafika kituo cha maji, anasalimia, anakaza kamba za viatu taratibu, huyoo. Mimi kilomita ya 50 nilijikwaa nikalitukana jiwe. Kwa sauti. Leteni visa vyenu.

—Pole mkuu. Mimi nilikuwa mtumwa wa saa ya mkononi mpaka ilipozima chaji katikati ya mbio. Nilichanganyikiwa kidogo, kisha nikabaki na pumzi na hatua zangu tu. Mlima nikaupanda kwa kutembea, mikono magotini. Msione aibu kutembea: mbio za kuzunguka Mont Blanc, ule mlima mrefu wa Ulaya, zina kama kilomita 170 na jumla ya mita 10,000 hivi za kupanda, na hata wanaoongoza miinuko mikali wanaitembea.

—Usiku wa pili bila usingizi nilimwona mzee kaketi kando ya njia. Nikampa shikamoo. Kimya. Nikamwangaza na taa ya kichwani, kumbe kisiki! Nilicheka peke yangu msituni, na tangu hapo sijawahi kuchukulia mawazo ya saa tisa usiku kama ukweli.

—Kwangu ni maisha ya kawaida tu. Viatu jozi mbili, kulala mapema, simu naiacha sebuleni. Marafiki wanadhani nimeokoka. Vifaa vya bei mbaya nimeacha kuvitamani. Mbona mkimbiaji Gordy Ainsleigh mwaka 1974 kule Marekani aliingia mashindano ya farasi ya maili 100 kwa miguu yake mwenyewe, akamaliza chini ya saa 24. Ila tusidanganyane, ukitoweka kila Jumamosi kuna mtu nyumbani anabaki na watoto. Utulivu wangu mwingine ni jasho la mume wangu.

—Mleta mada, kabla ya lile jiwe ulikuwa umekula lini? Mimi nikianza kununa najua tumbo ni tupu. Natafuna kitu, natembea dakika ishirini, watu wanakuwa wazuri tena.

—Mleta mada hapa. Saa nne kabla. Kumbe jiwe nililionea bure.